Choo cha Vitufe Viwili

Niliweka spana chini mwezi uliopita. Goti la kulia ndilo lililoamua. Mimi nilikuwa bado nabishana nalo. Sasa nyinyi vijana wa kazi, mnaonipigia simu kuniuliza kwa nini choo cha mteja kinalia kama paka, mmenishikilia niandike niliyoyaona kabla sijayasahau. Haya. Nilisoma skuli miaka minne tu, na mmoja katika hiyo niliumaliza kitandani, kwa hivyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Mabomba yangu hayakupinda.

Sitasema nililipwa kiasi gani wala nani alinipandisha. Katika kazi hii hakuna kupanda, kuna kupiga magoti. Anayekwambieni amefanya ufundi bomba miaka thelathini na magoti yake mazima, huyo alikuwa anashika tochi.

Na mimi nilianza kwa kushika tochi. Nilipofika London kutoka Wete nilifagia ofisi, kama wengi wetu. Asubuhi moja choo cha ghorofa ya pili kikafurika, maji yakaja mpaka kwenye zulia la mkubwa. Akaletwa fundi, Singasinga mzee, kilemba cheupe, ndevu kafunga kwa wavu. Akaingia chini ya tangi la choo, spana ikamteleza, akaitukana nati kwa Kiswahili.

"Mshenzi wewe! Miaka hamsini nakaa hapa, leo nakataa toka?"

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Akageuza shingo kule chini.

"Wewe nacheka nini? Natoka wapi?"

"Pemba."

"Pemba naweza shika tochi?"

"Naweza."

"Basi shika. Mulika nati, hapana mulika mimi. Mimi iko najijua."

Huyo alikuwa Mzee Harbans, mzaliwa wa Kisumu, mkaazi wa Stanmore, mwalimu wangu. Mpaka alipokufa hakuniita jina langu, Seif. Aliniita Pemba, na mimi sikumsahihisha, maana kwa miaka mingi alikuwa mtu pekee katika mji huu aliyekuwa akilitaja neno hilo kila siku.

Siku yangu ya kwanza ya kazi yenyewe alinibebesha sinki la choo la kauri kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini, mimi peke yangu, naye akitangulia kunifungulia milango na kunieleza habari za Kisumu. Kauri ya zamani ni nzito kama ng'ombe aliyegoma. Nilipofika chini nikalitua, akasema, "Sasa wewe najua choo nini. Kesho tafundisha iliyobaki."

Alinifundisha kwanza tangi la zamani la Kiingereza. Mkilikuta mlijue, japo yanakwisha. Ndani yake mna saifoni, kengele ya plastiki au ya shaba, ukivuta mkono inayanyanyua maji mpaka juu, yanapinduka, yanashuka yote. Lita tisa kwa mkupuo mmoja, ufanye dogo au kubwa. Ni ufujaji, sikatai. Lakini saifoni haiwezi kuvuja kuingia kwenye sinki, hata izeeke vipi, kwa sababu maji yenyewe hayapandi mlima bila kuvutwa. Kumbukeni jambo hilo, kwani mimi nililisahau siku niliyolihitaji.

Jambo la pili alilonifundisha ni ndoo. Kabla hujaunga kitu kipya kwenye bomba kongwe, elekeza mdomo wa bomba kwenye ndoo, fungua koki, acha maji yaende. Maji ya London yana chokaa. Hata birika la chai la mama zenu mmeliona lilivyo ndani. Miaka yote hiyo chokaa imejishika kwenye bomba, ukiligusa tu inabanduka vipande.

"Kwanza wacha bomba iteme," alikuwa akisema. "Mtu akitoka kitandani natema, napiga mswaki, ndiyo nasema salamu. Bomba pia mtu."

Kila mara alinifanya nitie mkono ndani ya ndoo nitoe kilichotemwa, kutu, chokaa, siku moja ushanga. Ananiuliza, "Hii nataka ingia ndani ya kazi yako?" Nasema sitaki. "Basi ngoja." Tukangoja. Wateja wa Stanmore walikuwa wakisimama mlangoni na saa zao mkononi, wengine wakihesabu mpaka skrubu, yeye anaitazama ndoo tu.

Mzee alipofariki, mkewe alinipa spana yake ya shingo ndefu, ile inayofika nyuma ya beseni. Ninayo. Msiniombe.

Miaka ikaenda, nikawa fundi wa kujitegemea. Halafu kampuni ya maji ikaleta mpango, na baadhi yenu mnaukumbuka: ng'oa choo chako cha lita tisa, tia cha vitufe viwili, kitufe kidogo lita nne, kikubwa sita, na kampuni itakurudishia bei ya choo na ya fundi. Masharti yalikuwa mawili. Fundi atoke kwenye orodha yao. Na mita isomwe kabla, isomwe tena baada ya miezi mitatu; ikiwa maji hayakupungua, hurudishiwi kitu.

Kuingia kwenye orodha kulikuwa na mtihani wa kuandika. Nikafeli, tena vizuri, sikuacha nafasi ya mashaka. Nikamwambia msimamizi, nipe choo kibovu na saa moja. Akanitazama, akanipa. Nilitumia dakika arubaini, zilizobaki nikampangusia sakafu. Nikawa mtu pekee katika orodha ile asiye na cheti hata kimoja, na nilitembea nayo orodha hiyo mfukoni kama wengine wanavyotembea na picha za watoto wao.

Kule Woolwich familia zetu, watu wa Unguja na Pemba, wote walinitaka mimi. Si kwamba nilikuwa bora kuliko mafundi wengine, ingawa nilikuwa. Mimi navua viatu mlangoni, na siulizi lile birika lililo pembeni ya choo ni la kumwagilia maua gani.

Ndivyo nilivyofika kwa Bi Zuhura. Mama wa Chake Chake, umri wa mama yangu mdogo, mjane, anakaa ghorofa ya tano na mwanawe Khamis, dereva wa basi, na mke wa Khamis na watoto wawili. Choo chao kilikuwa kikongwe kuliko Khamis. Pesa za kuanzia, kwa sababu kampuni inarudisha baadaye, alizitoa Bi Zuhura mwenyewe. Zilikuwa nauli. Alikuwa akiziweka za kwendea nyumbani kumwona dada yake mkubwa, ambaye alikuwa haoni tena vizuri na kila simu akiuliza, "Zuhura, unakuja lini, nikuone kabla macho hayajafunga?"

"Mama, usitoe hizo," Khamis alimwambia mbele yangu.

"Zitarudi. Si umenisomea barua? Na wewe fundi, si zitarudi?"

"Zitarudi, Bi Zuhura," nikasema. "Mimi ndiye ninayetia choo."

Ulimi huo ningeukata kama ungekuwa bomba.

Siku ya kazi aliipanga yeye. Hakuniambia mpaka nilipofika kwamba jioni ile kuna khitima ya marehemu mumewe. Anataka wageni wakute choo kipya, mama wa watu, anaona haya watu wavute ule mkono unaong'ang'ania. Nilikuta chumba kimetandikwa mashuka meupe, juzuu zimepangwa, jikoni biriani, wanawake watatu wanakata vitunguu na wote wananipa ushauri wa kufunga choo.

"Fundi, kisiangalie kibla lakini."

"Kinaangalia kilipokuwa kinaangalia cha zamani, shangazi. Bomba haligeuki."

"Cha zamani kilikuwa kinaangalia wapi?"

"Duka la kuku."

Nikafanya kazi. Ya kung'oa ilichukua muda, boliti zimeoza. Kufika alasiri, sinki jipya limekaa, tangi limekaa, imebaki kuunga bomba. Wageni wameanza kupiga kengele. Watu wanataka kutawadha, na maji ya nyumba nzima nimeyafunga mimi.

"Fundi Seif!" Bi Zuhura anaita nje ya mlango. "Mwanangu, watu wamefika. Maji!"

Ndoo ilikuwa pale, mkononi mwangu wa kushoto. Nikaitazama. Nikafikiri, bomba fupi hili, litakuwa na nini. Nikaiweka chini, nikaunga, nikafungua koki, tangi likajaa, nikabonyeza kitufe kidogo, kikubwa, vyote vikafanya kazi kama saa. Wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya choo. Sijapigiwa vigelegele vingine maishani isipokuwa siku ya harusi yangu. Wakanikalisha, nikasoma juzuu yangu na wenzangu, nikala biriani, nikaenda zangu.

Miezi mitatu ikapita. Akaja mkaguzi wa kampuni, dada mmoja Mwingereza, kijana, mpole, na mimi nikatakiwa niwepo. Mita ilikuwa kwenye kabati la ukumbini. Akaisoma, akaangalia karatasi yake, akaisoma tena.

Maji hayakupungua. Yalikuwa yameongezeka, tena sana.

Khamis akasema haiwezekani. Yule dada akasema labda kuna matumizi mengine. Akaomba kuona choo, akaingia, akaliona birika, na kopo la plastiki la watoto. Akauliza kwa adabu vinafanya nini. Khamis akamweleza kwa adabu vilevile, masikio yamemuiva. Yule dada akaandika. Akauliza na kutawadha, mara ngapi kwa siku, watu wangapi. Akaandika tena. Akasema anaelewa kabisa, na hana nia ya kumvunjia mtu heshima, lakini choo cha kuokoa maji hakiwezi kuokoa maji yanayomwagwa nje ya choo.

Hapo ndipo akanigeukia mimi, fundi, mtu wa orodha, akauliza kama nadhani hiyo ndiyo sababu.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Nataka mlisome hilo mara mbili. Mimi, niliyezaliwa nyumba ya birika na kulelewa kwa birika, nilisimama pale nikakubali kwamba kosa ni la birika. Sikupima kitu. Sikutia hata kidole ndani ya tangi. Mbele ya yule dada na karatasi yake, nilikuwa tayari kuamini chochote juu ya watu wangu kuliko kuamini kitu kidogo tu juu ya kazi yangu.

Akatoa wiki nne. Mita itasomwa mara moja tena, kisha faili linafungwa. Alipoondoka nikamwambia Khamis, kwa sauti ya mkubwa, "Punguzeni maji, bwana. Mnamwaga."

Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kochi. Hakuniangalia mimi, aliangalia mikono yake.

"Mwanangu," akasema, "kwa hivyo miaka yote hii nimekaa katika nchi ya watu nikiwapotezea maji yao?"

Nikamwambia, "Si sana, mama." Hilo ndilo jibu nililompa.

Wiki tatu baadaye Khamis akaniita, bomba la jikoni linadondosha maji. Kazi ya dakika kumi. Nilipomaliza nikaingia bafuni kunawa mikono. Pembeni ya beseni, mahali pa birika, palikuwa na kikombe cha chai. Kikombe cha maua mekundu, mkono wake umekatika. Birika lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa.

Nikatoka nacho mkononi. "Hiki cha nani?"

Bi Zuhura akaona haya kama msichana. "Rudisha, fundi. Hicho changu cha udhu."

"Unatawadha kwa kikombe?"

"Kinatosha ukijua kukitumia. Mkono, uso, kikombe kimoja. Miguu nusu." Akajaribu kucheka. "Nimekuwa hodari. Ningekuwa nyumbani wangenipa zawadi."

"Na mita?"

Khamis akajibu badala yake. Alikuwa kavaa sare, anakwenda kazini. "Nimeisoma leo asubuhi. Mwendo wake ni uleule. Mama anatawadha kwa kikombe, watoto nimewakataza kopo, mke wangu anafua kwa zamu, na ile namba inakwenda tu kama basi lisilo na dereva. Sasa tupunguze nini, fundi? Tuache kunywa?"

Nilisimama na kile kikombe. Nikakitazama ukubwa wake. Halafu nikalishusha birika nikalitazama nalo, nikafanya hesabu ambayo hata mtoto wa miaka minne ya skuli anaiweza. Birika lile lilikuwa lita moja na nusu. Wangemwaga mabirika mangapi ndiyo wafikie ile namba? Wangekaa bafuni kutwa, kwa zamu, nyumba nzima, wasile wala wasilale. Nilipaswa kuijua hesabu hiyo siku ile ile mkaguzi alipoandika. Niliijua. Sikutaka kuifanya.

Na nikamsikia mzee wangu wa Stanmore, wazi kabisa, na maneno yake aliyokuwa akimwambia kila mteja mwongo: "Maji hapana sema uongo. Mtu nasema."

Nikauliza, "Bi Zuhura, ile rangi ya biriani imebaki?"

"Unataka kupika?"

"Nipe."

Akanipa kijichupa, ile rangi ya machungwa inayotia vidole alama siku tatu. Nikafunua tangi la choo, nikamimina kijiko kizima ndani. Maji yakawa kama mchuzi. Nikafunika.

"Mtu asivute choo," nikasema. "Tukae."

Tukakaa. Khamis akachelewa kazini, akapiga simu akadanganya foleni, dereva wa basi kusingizia foleni, nadhani walimwamini. Bi Zuhura akanieleza habari za dada yake. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Nusu saa haikufika, Khamis akaenda kuchungulia, akaita.

"Fundi. Njoo."

Ndani ya sinki la choo, upande wa nyuma, kwenye ile kauri nyeupe niliyoitia mwenyewe, ulikuwa unashuka mstari mwembamba wa rangi ya biriani. Mwembamba kama uzi. Hausikiki, hauonekani siku nyingine, kwa sababu maji safi juu ya kauri nyeupe hayana umbo. Ulikuwa unashuka hivyo tangu khitima, mchana na usiku, karibu miezi minne.

Choo cha vitufe viwili hakina saifoni. Kina vali chini ya tangi, na duara la mpira linaloziba. Likikaa sawa ni zuri. Likikalia kitu, maji yanapita. Nikafunga koki, nikaitoa vali, nikapitisha kidole kwenye mpira. Kipande cha chokaa, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, kimelala pale chini ya mpira kama kimelipa kodi.

Nikakiweka kwenye kiganja, nikawaonyesha.

"Kwa hivyo," Khamis akasema taratibu, "ni sisi au ni wewe?"

"Ni mimi."

"Choo au wewe?"

"Choo hakina kosa. Nilitakiwa niliache bomba liteme kwenye ndoo kabla sijaunga. Sikuliacha. Chokaa imetoka bombani ikaingia kwenye tangi, ikaja kukaa hapa. Ni mimi, Khamis, nikwambie mara ngapi?"

"Mara moja tu inatosha," akasema. "Ila mwambie na mama."

Nikaenda nikamwambia. Kwa mwanamume wa umri wangu, mwenye jina Woolwich nzima, ukumbi ule wa hatua sita ulikuwa mrefu. Bi Zuhura alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ya khitima," akasema. "Mimi ndiye niliyekuharakisha."

"Usinisaidie, mama. Wewe uliomba maji. Mimi ndiye fundi."

Sasa ikaja karatasi. Wiki moja imebaki faili lifungwe, na miezi yote ya nyuma mita imekwenda mbio. Hata nikitengeneza leo, namba haiwezi kushuka kwa siku saba. Nikampigia yule dada mkaguzi. Akasema kuna njia moja tu ya kuanza kuhesabu mita upya, nayo ni fomu ya fundi. Akaileta mwenyewe. Visanduku vilikuwa vitatu: matumizi ya nyumba, hitilafu ya kifaa, kosa la ufungaji. Ukitia alama cha kwanza, faili linafungwa. Cha pili, linapelekwa kwa mtengenezaji wa choo, na hakuna ajuaye litarudi lini. Cha tatu, mita inaanza upya siku hiyo hiyo, na fundi anatolewa kwenye orodha mpaka afanye mtihani tena.

Khamis, Mungu ampe kheri, alinivuta jikoni. "Tia cha pili. Sema mpira mbovu. Nani atajua?"

"Mpira mzima."

"Fundi, hiyo orodha ndiyo riziki yako."

"Na nauli ni ya mama yako. Mpelekee mtengenezaji faili uone dada yake atakuwa na macho mpaka lini."

Nikatia alama cha tatu. Chini yake pana mistari mitano ya maelezo. Nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, maana ndogo sikuzoea wakati ule, sentensi moja: bomba halikusafishwa kabla ya kuungwa, nilikuwa na haraka, maji ya watu wa nyumba hii hayana kosa. Yule dada akanisahihishia neno moja la Kiingereza. Akasema kisanduku hicho hajapata kukiona kimetiwa alama. Nikamwambia si kwa sababu mafundi wengine hawakosei.

Akaangalia mlango wa bafuni, akasema kwa sauti ya chini kwamba angepaswa kuuliza tangi kabla hajauliza birika. Nikamwambia hilo lilikuwa langu. Tukagawana.

Orodhani nilitoka. Habari ikafika Woolwich sokoni kabla mimi sijafika. Mmoja wa mafundi wenzetu, simtaji, anajijua, akaniuliza mbele ya watu kama ni kweli nimefelishwa na kipande cha chokaa. Nikamwambia kweli, na wewe ngoja chako. Miezi ile nilirudia kutengeneza masinki ya jikoni na kuzibua mifereji ya mikahawa, na kila nyumba niliyowahi kutia choo cha vitufe viwili nilirudi, na kwa majirani wao pia, bila kuitwa, na kichupa cha rangi ya biriani mfukoni. Vyoo vingi. Viwili vilikuwa vinavuja. Kimoja changu kingine. Kimoja alichotia yule aliyenicheka. Nilikitengeneza nikanyamaza, na leo ndiyo mara ya kwanza nasema.

Kwa Bi Zuhura nilikuwa napita kila wiki kuisoma mita. Ilikuwa inatambaa sasa, inanipa raha kuitazama. Lakini kikombe kilikuwa pale pale kwenye beseni, na birika pale pale juu, na kitambaa chake.

"Mama, nimekwambia si wewe. Shusha birika."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Waliandika karatasi kwamba ni mimi. Nangoja karatasi iseme si mimi."

"Karatasi nimeiandika mimi."

"Wewe mwanangu, fundi. Wewe ungeniandikia chochote."

Alikuwa ananisifu na kunikataa kwa mpigo mmoja.

Barua ikaja baada ya miezi mitatu, alasiri, na nilikuwepo, nimekuja kwa ajili ya mita. Khamis akaisoma kwanza kwa Kiingereza, kisha akaifasiri neno kwa neno, akisimama kila nukta kama anatia abiria. Matumizi yamepungua. Ongezeko la mwanzo lilitokana na ufungaji, si matumizi ya wakaazi. Gharama zote zitarudishwa.

"Soma tena hapo," Bi Zuhura akasema.

"Zitarudishwa."

"Si hapo. Hapo pa wakaazi."

Akamsomea tena. Bi Zuhura akainuka. Akaingia bafuni, akafunga mlango. Tukasikia kiti kinavutwa, kitu kinashushwa kutoka juu ya kabati. Kisha koki ikafunguliwa, maji yakaanza kuingia ndani ya birika, kwanza kwa ile sauti ya bati tupu, halafu sauti ikawa nzito zaidi na zaidi kadiri lilivyokuwa linajaa. Mimi ni mtu niliyekula mkate wa kuokoa maji, na nilikuwa nimesimama ukumbini naomba asifunge haraka. Khamis naye kasimama na barua yake, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Orodhani nilirudi, kama mnavyojua, na mtihani wa kuandika safari hii nilipita kwa ziada ya alama mbili, baada ya kusoma kila Jumamosi maktaba na watu wa umri wa wajukuu zangu. Lakini si hilo mliloniomba. Mliniomba niandike cha kukusaidieni kazini, na mimi ninacho hiki: iacheni ndoo ijae, hata kama kuna khitima, hata kama kuna harusi, hata kama mfalme yuko nje anataka kutawadha. Na mita ikipanda, tieni rangi kwenye kazi yenu kabla hamjafungua midomo juu ya nyumba ya mtu.

Siku ile ya barua Bi Zuhura alitoka bafuni maji yanamdondoka viwikoni, akaswali, akaenda jikoni. Akarudi na chai ya maziwa na iliki, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa ndani ya kile kikombe cha maua mekundu kilichokatika mkono.

Nikakiangalia.

"Kunywa, fundi," akasema. "Nimekiosha. Tena kwa maji mengi."